Kimo cha Profesa

Katika picha ya kwanza Profesa alikuwa mrefu kuliko wanaume wote kumi na mmoja waliosimama naye. Katika picha ya mwisho alikuwa amepanda juu ya kreti la soda ili aufikie ubao.

Mhifadhi wa picha wa maktaba ya chuo aliziweka hizo mbili mezani, sako kwa bako, akazitazama mpaka chai yake ikapoa. Kati ya moja na nyingine ilipita miaka ishirini na miwili. Uso ulikuwa uleule: kovu dogo juu ya nyusi, penseli sikioni, na lile tabasamu la mtu aliyekwisha kulijua jibu na sasa anawasubiri wenzake wamalize kukokotoa. Watu hupungua kidogo wakizeeka, hilo halina ubishi. Hata mama yake mhifadhi alikuwa akilalamika kwamba rafu za jikoni siku hizi zinapanda juu. Lakini Profesa katika picha ya mwisho hakuwa mzee. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na nywele zake bado nyeusi tititi.

"Labda ni mdogo wake," mhifadhi alijisemea, akaendelea na kazi. Mkuu wa maktaba alikuwa amemkalia kooni. Maonyesho ya picha za Profesa yangefunguliwa baada ya mwezi mmoja, na makreti matatu ya vitu vyake yalikuwa bado hayajaguswa.

Profesa alikuwa mwanamke wa kwanza kufundisha uhandisi katika chuo kile, na wa kwanza kusimamia ujenzi wa daraja tangu shimo la msingi hadi siku ya kukata utepe. Alifariki bila mume wala mtoto. Mpwa wake ndiye aliyeleta vitu vyake maktaba: picha mamia kwa mamia, na fimbo moja ya mbao ya kupimia, ya kukunjwa, iliyoandikwa namba nyekundu na nyeusi kuanzia sifuri hadi mita tatu. Wahandisi husimamisha fimbo ya namna hiyo kando ya nguzo kabla ya kupiga picha, ili mtazamaji aone nguzo ina ukubwa gani.

Chini kabisa ya kreti la tatu palikuwa na picha thelathini na saba ambazo hazikufanana na nyingine kwa namna zilivyofungwa. Kila moja ilikuwa imelazwa uso kwa uso na karatasi nyingine ya picha ya ukubwa uleule, nyeusi tupu, inayong'aa kama maji ya kisima. Kisha zote mbili zilikuwa zimezungushiwa uzi mweupe na kupigwa mafundo matatu. Hakuna maelezo. Nyuma ya kila picha palikuwa na namba mbili tu za penseli.

Sasa, kuna sheria moja ambayo kila mhifadhi wa picha hufundishwa wiki ya kwanza ya mafunzo: picha mbili haziachwi zikatazamana, kwa sababu unyevu utazigandamanisha na zote zitaharibika. Tenganisha. Kila picha na bahasha yake. Na kuna sheria ya pili: kisichobeba taarifa kisile nafasi. Mhifadhi alikuwa mtu wa sheria, na kwa kweli alijisikia vizuri siku ile. Alikata nyuzi zote kwa mkasi, akazitia picha kwenye bahasha, kisha akajaza fomu ya kuondoa vitu visivyofaa: "Karatasi 37, zimeungua kwa mwanga, hazina picha." Akazipeleka mwenyewe kwenye mashine ya kukata karatasi. Mashine ilizitafuna moja moja, na zilitoka upande wa pili nyuzinyuzi nyeusi.

Alasiri hiyohiyo binti yake alipitia pale akitoka shule, kama kawaida. Alikuwa na miaka tisa na miguu isiyokwisha, ndiyo maana shule nzima ilimwita Twiga, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa nyumbani.

"Mama, hii ni rula ya majitu?"

"Ni fimbo ya vipimo. Usiichezee."

Lakini Twiga alikwisha kuikunjua na kuisimamisha wima, akajinyoosha kando yake kama askari wa gwaride. "Nipige picha basi. Nimefika wapi?"

Mama yake alicheka, akampiga picha kwa simu. Utosi wa mtoto uligusa mita moja na sentimita thelathini na nane. Walipokuwa wanaondoka, mhifadhi alisikia harufu ya zege bichi, kama mahali panapojengwa, akadhani mafundi wanatengeneza ngazi za nje. Kesho yake aliuliza. Hakuna fundi aliyekuwa anatengeneza chochote.

*

Kazi ya kuandika maelezo ya picha ni kazi ya kutazama. Mhifadhi alikaa katika chumba kile cha chini ya maktaba, chenye dirisha moja jembamba karibu na dari, akiwa na kioo cha kukuzia, na akaandika kwa kila picha: "Profesa, kushoto. Fimbo ya vipimo imeegemezwa kwenye nguzo." Zote thelathini na saba zilikuwa hivyo: nguzo, fimbo, na Profesa kasimama kando akitazama kamera bila tabasamu.

Siku ya tatu alipozipitia kuhakiki, aliona mkono.

Ulikuwa umeshika fimbo kwa nyuma, vidole vinne vimejitokeza mbele ya namba. Alirudi kwenye maelezo yake: "imeegemezwa." Akasugua macho, akafuta, akaandika: "imeshikwa na kibarua, jina halijulikani." Mtu hukosea. Anapotazama picha mia moja kwa siku, jicho nalo huchoka.

Siku ya tano mkono ulikuwa na bega. Siku ya saba palikuwa na mtu mzima mzima amesimama nyuma ya fimbo, katika kila picha, na uso wake haukuwa wa giza wala wa mwanga, ulikuwa mahali ambapo macho yalikataa kutua. Mhifadhi alijaribu mara tatu kuutazama, na mara zote tatu alijikuta anatazama namba za fimbo.

Ndipo alipoanza kusikia mlio. Tok. Kisha kimya kirefu. Tok. Ulitoka upande wa rafu za mwisho, mlio wa kitako cha chuma kinachogusa saruji, na fimbo ya vipimo, alipokwenda kuitazama, ilikuwa palepale kwenye kona, imekunjwa, imetulia. Lakini kitako chake kilikuwa na tope bichi.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mkuu wa maktaba angemshauri achukue likizo, tena bila tabasamu.

Nyumbani, Twiga alikuwa anavaa sare.

"Mama, sketi imenipwaya."

"Umekonda. Si nakwambia ule?"

"Haijapwaya kiunoni. Imeshuka chini. Ona." Pindo lililokuwa juu ya magoti lilikuwa limeyafunika. "Na viatu vinanivuka. Na mwalimu amenihamishia dawati la mbele, anasema nyuma siuoni ubao."

Mhifadhi alicheka, kisha akamvuta mtoto mlangoni. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa na mistari ya penseli kwenye fremu, mmoja kwa kila mwezi. Kila tarehe mosi alimsimamisha mtoto pale, akamlazia kamusi nene kichwani, akachora. Mstari wa juu kabisa ulikuwa wa mita moja na thelathini na nane.

"Simama hapo. Nyooka. Visigino ukutani."

"Nimenyooka, mama."

Aliweka kamusi, akachora mstari, akamwondoa mtoto, kisha akaupima kwa futi ya fundi cherehani. Mita moja na thelathini na moja.

Akapima tena. Akampima mtoto akiwa amelala kitandani kama maiti, na aibu ya wazo hilo ikamfanya amwinue haraka na kumkumbatia. Moja na thelathini na moja. Kifuani mwake mtoto alifika mahali alipokuwa anafika mwaka juzi, na mama alilitambua joto la kichwa kile mahali pale.

"Shuleni hawaniiti Twiga tena," mtoto alisema taratibu, mdomo ukiwa kwenye gauni la mama yake. "Mama, nimekosa nini?"

*

Asubuhi iliyofuata hakumpeleka shule. Alikwenda naye kazini, akamketisha kwenye kiti kando ya meza yake, akazitoa picha zote, akazigeuza, akazisoma zile namba za penseli ambazo yeye kwa haraka zake alikuwa ameziandika "vipimo visivyojulikana."

Picha ya kwanza: 1.20 na 1.83. Ya kumi na tano: 1.37 na 1.66. Ya thelathini na saba: 1.62 na 1.41.

Namba moja ilikuwa inapanda, nyingine inashuka. Alizijumlisha. Tatu nukta sifuri tatu. Akajumlisha nyingine. Tatu nukta sifuri tatu. Alijumlisha zote thelathini na saba, kijasho chembamba kikimtoka, na jibu halikubadilika hata mara moja. Kisha akachukua kioo cha kukuzia, akamsoma yule mtu aliyeshika fimbo, utosi wake umefika wapi. Katika picha zote sasa, za mwaka wa kwanza na za mwaka wa mwisho, ulifika palepale. Mita moja na sitini na tisa. Alikuwa ameongezeka sentimita saba juu ya ile 1.62 ya mwisho. Twiga alikuwa amepungua saba.

Kwenye kona, nyuma ya kiti cha mtoto, fimbo iligonga sakafu. Tok.

"Mama," Twiga alinong'ona bila kugeuka, "huyo mtu ananinusa nywele."

Mhifadhi alimbeba, naye miezi mingi alikuwa hawezi tena kumbeba, akapanda naye ngazi bila kufunga mlango.

*

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyebaki wa enzi ya Profesa: mzee aliyekuwa anasafisha picha za kitivo cha uhandisi kwa miaka thelathini. Walimwita Mzee wa Giza kwa sababu ya kile chumba chake cha kusafishia picha, na alipostaafu jina lilimfuata nyumbani. Walimkuta barazani kwake akimenya chungwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba, mjukuu wangu. Karibuni, mketi."

Mhifadhi alimweleza habari yote bila kupumzika. Alipofika kwenye mashine ya kukata karatasi, kisu cha mzee kikasimama katikati ya chungwa.

"Nyeusi umezitupa?"

"Nilidhani zimeungua."

"Zimeungua, ndiyo. Niliziunguza mimi, kwa mikono hii." Alishusha sauti, akamtazama mtoto kwa pembe ya jicho. "Sikiliza. Pale daraja lilipojengwa palikuwa na jini. Vibarua walimwambia Profesa tangu siku ya kwanza: mama, hapa pana mwenyewe. Naye angefanya nini? Wenzake pale kitivoni walikuwa wanangoja kwa hamu aseme neno moja tu kama hilo, wamwambie, si unaona, mwanamke, rudi nyumbani. Akanyamaza. Akaegemeza fimbo kwenye nguzo, akapiga picha. Mimi nikaisafisha. Fimbo imeshikwa."

"Na nani?"

"Na kitu chenye kimo cha mtoto. Mita moja na ishirini. Sasa elewa hapa, mwanangu. Jini hana kimo. Ni upepo, ni harufu, ni kivuli kinachopita. Yeye Profesa akampima. Akaandika namba nyuma ya picha. Alipompa kipimo, jini akaonja kuwa na kimo, na akataka zaidi."

"Na yeye alianza kupungua lini?"

"Alisema, nisimame mwenyewe kando ya fimbo nione. Mtu mwingine hatanijaribia. Mkaidi yule!" Mzee alicheka kidogo, kisha machozi yakamlenga. "Anayesimama kando ya ile fimbo akapigwa picha, huyo ndiye anayepungua. Basi miaka yote alisimama yeye. Kila daraja, kila nguzo. Aliogopa akiacha, jini atamtafuta kibarua, au mtoto wa kibarua. Wanafunzi wakamwita Profesa Inchi, wakacheka. Alikuwa anawapa mitihani migumu sana kwa hilo, sikufichi."

"Akamzuiaje?"

"Kwa bahati. Siku moja nilifungua mlango kwa makosa, mwanga ukaingia, karatasi ikaungua nyeusi yote. Nikaitupa mezani, ikaangukia picha uso kwa uso. Asubuhi Profesa akaona kwamba kwenye ile picha jini amefifia. Akajaribu na nyingine, na nyingine, maana ndivyo alivyokuwa, haamini kitu mpaka akirudie. Mbele ya nyeusi tupu hakuna cha kupima. Jini anasahau kwamba ana kimo. Profesa hakuandika popote. Angemwandikia nani?" Akafuta mikono. "Mimi sijapigwa picha tangu siku ile. Hata ya kitambulisho nilikataa, wakanisumbua miaka miwili. Mjukuu wangu huyu alisimama kando ya fimbo?"

"Nilimpiga picha. Kwa simu."

"Ifute." Mhifadhi aliifuta palepale. "Na zile za Profesa, umezinakili kwenye kompyuta?"

"Mashine ya kunakilia imekufa tangu mwaka jana."

"Mungu mkubwa," alisema mzee, akaingia ndani kutafuta karatasi za zamani.

*

Ilikuwa Jumatano, siku tano baadaye, maana dawa ya kusafishia haikupatikana upesi; saa sita mchana, jua kali. Kusafisha picha kunahitaji giza, lakini kuiunguza hakuhitaji, na mzee alizimwaga karatasi zake zilizopitwa na wakati mezani, chini ya lile dirisha jembamba, mwanga ukazila. Kisha akazitumbukiza moja moja kwenye beseni la dawa. Zilitoka nyeusi kama zile za kwanza. Mhifadhi alizikausha kwa taulo, akazilaza juu ya picha, uso kwa uso, akafunga uzi, mafundo matatu. Twiga alikuwa amekaa juu ya meza katikati yao, miguu inaning'inia. Asubuhi ile alikuwa na mita moja na ishirini na sita.

Picha kumi za kwanza zilikwenda vizuri. Ya kumi na moja harufu ya zege bichi ikajaa chumba, nzito, ya baridi, kama vile wameteremka kwenye shimo la msingi. Ya ishirini mlio ukaanza, tok, upande wa rafu za mwisho, kisha rafu za kati, bila haraka, mlio wa mtu mwenye fimbo anayekuja kupima kilicho chake.

"Usitazame huko," mzee alisema. "Funga."

"Ninafunga."

"Mama, ameshika—"

"Nitazame mimi, mwanangu. Nitazame usoni."

Na ilipofika ya thelathini, na thelathini na moja, na thelathini na mbili, uzi ukamponyoka mhifadhi mara mbili, na kila picha aliyoilaza ilimwonyesha yule mtu akiwa karibu zaidi kuliko picha iliyotangulia, ameiacha nguzo, amempita Profesa, amekuja mpaka ukingoni kabisa mwa karatasi, na fimbo iliyokuwa kwenye kona ya chumba ikawa inajikunjua yenyewe, pingili ya kwanza, pingili ya pili, namba nyekundu na namba nyeusi zikipanda ukutani, na ubaridi ukamshika mhifadhi shingoni kwa nyuma, mahali ambapo mtu huweka kidole anapotaka kujua mwisho wa kichwa cha mwenzake, naye hakugeuka, alimkodolea macho mwanawe na mwanawe akamkodolea yeye, mpaka karatasi ya mwisho ikalala juu ya picha ya mwisho na fundo la tatu likakaza.

Fimbo ikaanguka. Ilianguka kama mti tu, kwa kishindo cha kawaida, vumbi likaruka.

Mzee wa Giza alikaa chini, akapumua. Kisha akakausha karatasi moja nyeusi ya ziada, akaitia kwenye bahasha, akampa mhifadhi. "Ya akiba," alisema. "Kaa nayo."

*

Alhamisi Twiga alikuwa na mita moja na ishirini na sita. Ijumaa vilevile. Jumamosi mhifadhi alilala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza. Maonyesho yalifunguliwa bila zile picha thelathini na saba, na mkuu wa maktaba alinuna wiki nzima.

Wiki ya pili mtoto alikuwa na ishirini na saba. Halafu ishirini na tisa. Sketi ikaanza kupanda. Mama yake aliubusu kila mstari wa penseli, akapika kama mtu aliyepata mgeni, akampigia simu Mzee wa Giza kumpa habari njema.

Mzee aliuliza, "Anarudi?"

"Anarudi, mzee! Leo ana thelathini na mbili."

"Mwanangu, Profesa hakurudishiwa hata nukta moja. Mpaka amezikwa." Kisha, kwa upole: "Lakini mshukuru Mungu. Labda kwa mtoto ni tofauti."

Siku mtoto alipofika thelathini na nne, bibi yake alipiga simu. Mama yake mhifadhi aliishi peke yake katika mji mwingine, safari ya nusu siku, na kwa kawaida simu zake zilikuwa za kulalamika kuhusu magoti.

"Mwanangu, hujambo? Mjukuu wangu anakua?"

"Anakua, mama. Umejuaje?"

"Si ninamwona hapa ukutani. Ile picha mliyonitumia, amesimama na ile rula ndefu. Niliipeleka kwa mpiga picha, nikaitia fremu. Imependeza."

Mhifadhi alikaa kitandani. "Sikukutumia picha, mama."

"Aliituma mwenyewe kwa simu yako, siku ileile. Akaandika, bibi ona nilivyo mrefu." Bibi alicheka, akakohoa. "Halafu nikaona kila siku anafupika mle ndani, na huyo wa nyuma yake anarefuka. Nikasema macho yangu. Mpaka ile Jumatano, saa sita mchana. Sebule yote ikanuka saruji. Akaja mzima mzima. Nadhani huko kwenu mlimfungia milango yote, akabakiwa na huu wangu."

"Mama, itoe hiyo picha. Igeuze ukutani. Ninakuja sasa hivi, ninayo karatasi—"

"Tulia. Wewe tangu utoto ni mtu wa haraka. Nilimsalimu kwa adabu. Nikamwambia, bwana, wewe ni mtu wa vipimo, na mimi nimelea, ninajua kupima. Huyu mtoto mrudishie chake chote, chukua kwangu. Mimi kimo changu nimekwisha kukitumia, rafu za juu zina nini? Vikombe vya wageni, na wageni hawaji. Akagonga mara moja. Tok. Nikajua amekubali."

"Mama..."

"Siku hizi komeo la mlango silifikii. Jirani hunifungulia, anafikiri ni mgongo. Sasa nisikilize. Akifika pale alipokuwa, uje na hiyo karatasi yako. Kabla ya hapo usikanyage hapa. Ukija mapema utamwachia mtoto nusu kimo maisha yake yote, na mimi nitakuwa nimepungua bure. Umenielewa?"

"Na akishafika, akikataa kuacha?"

Nyuma ya pumzi za bibi, mbali kidogo, kama mtu anayesubiri kwa heshima mazungumzo yaishe, palisikika mlio mmoja wa chuma kwenye saruji.

"Mbusu mjukuu wangu," bibi alisema, akakata.

Mhifadhi aliitoa bahasha kabatini. Akakata tiketi ya basi la asubuhi, na asubuhi ilipofika hakupanda. Akakata nyingine. Kwa siku tisa aliibeba ile karatasi nyeusi kwenye mkoba, akaenda nayo kituoni mara tatu, akarudi nayo mara tatu, na kila jioni alimpigia mama yake, na kila jioni sauti ya mama yake ilitoka chini zaidi, kama ya mtu anayezungumza akiwa ameketi sakafuni.

Siku ya tisa Twiga alitoka bafuni mbio, akaegemea fremu ya mlango, visigino ukutani, macho yanang'aa.

"Nipime, mama. Leo waliniita Twiga! Wawili walisahau wakaniita."

Mama yake aliweka kamusi. Akachora. Akainama, akaweka kidole kati ya mstari mpya na ule wa juu kabisa.

"Bado?" mtoto aliuliza.

"Bado kidole kimoja," mhifadhi alisema, na akaona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, kwa jinsi sauti yake mwenyewe ilivyotoka na furaha.